Mkanda, diski, kadi: historia ya kamkoda na namba zinazotuchanganya

Mwaka 1983 Sony walitoa kamera ya video iitwayo Betamovie. Ndiyo kamkoda ya kwanza kuuzwa kwa watu wa kawaida, yaani kamera na mashine ya kurekodia vikiwa ndani ya mwili mmoja. Kabla ya hapo ulishika kamera mkononi, deki umeitundika begani kama mkoba wa fundi, na waya mnene unaviunganisha. Betamovie ilikuwa na uzito wa karibu kilo 2.5 na iliwekwa begani. Lakini ilikuwa na kasoro moja ya ajabu: ilirekodi tu, haikuweza kuonyesha ilichorekodi. Ukimaliza kupiga, unatoa kaseti, unarudi nyumbani, unaitia kwenye deki, halafu ndiyo unajua kama bibi harusi ametoka vizuri au umemkata kichwa.

Mbona kampuni kubwa hivyo itoe kamera isiyoweza kuonyesha picha zake yenyewe? Jibu lake linatupeleka kwenye jambo ambalo wanunuzi wa kamera hulisahau. Leo mtu akiingia dukani Kariakoo swali lake la kwanza ni "hii ni 4K?" Ni swali zuri, ila kwa sehemu kubwa ya historia yake kamkoda haikuamuliwa na wingi wa vitone kwenye picha. Iliamuliwa na kitu kinachobeba picha: mkanda, diski au kadi. Resolusheni ilikuja nyuma, ikichukua nafasi iliyobaki. Na kaseti za harusi, misiba na ubatizo zilizojaa kwenye makabati yetu zitapona au zitakufa kwa sababu ya kile zilichoandikwa juu yake.

Picha ni nzito kuliko sauti

Tuanze na redio kaseti, ambayo wengi wetu tumeikuta nyumbani. Sikio la binadamu linasikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na kaseti ya kawaida inajitahidi kufika karibu 15,000. Mkanda wake unapita mbele ya hedi kwa sentimita 4.76 kwa sekunde, mwendo wa jongoo mwenye haraka. Sasa picha ya televisheni ya mistari 625, ile tuliyoitumia Afrika Mashariki, inahitaji mitetemo hadi milioni 5 kwa sekunde. Hiyo ni mara 333 ya kaseti ya sauti. Ukitaka kuiandika kwa njia ileile, mkanda nao ukimbie mara 333 zaidi, karibu mita 16 kila sekunde. Upande mmoja wa kaseti ya dakika 60, ambao kwa kawaida unacheza nusu saa, ungeisha kwa sekunde 5 na ushee.

Wapo waliojaribu njia hiyo kweli. BBC walitengeneza mashine iliyoitwa VERA, wakaionyesha hewani mwaka 1958. Mkanda wake ulikimbia mita 5 kwa sekunde, na gurudumu la mkanda lenye kipenyo cha nusu mita lilitosha dakika 15 tu. Bahati mbaya ilipotoka ilikuwa imeshapitwa. Miaka miwili nyuma, tarehe 14 Aprili 1956, kampuni ya Ampex ilikuwa imeonyesha mashine yake Chicago. Kundi lililoitengeneza liliongozwa na Charles Ginsburg, na ndani yake alikuwemo kijana Ray Dolby, yuleyule ambaye jina lake baadaye lilichapwa kwenye redio kaseti na kumbi za sinema dunia nzima.

Wazo la Ampex ni rahisi kulieleza na gumu kulitengeneza: acha mkanda utembee polepole, zungusha hedi. Waliweka hedi nne kwenye gurudumu dogo linalozunguka mara 14,400 kwa dakika, zikiandika vijistari vifupi vinavyoukata mkanda kwa upana. Mkanda ulisogea sentimita 38 kwa sekunde, lakini hedi iliupitia kwa karibu mita 40 kwa sekunde. Mashine moja iliuzwa karibu dola 50,000, kwa hiyo ilikuwa ya vituo vya televisheni tu. Ila kila kamkoda ya mkanda iliyokuja baadaye ni mjukuu wa gurudumu lile.

Ngoma ndogo

Ukifungua deki ya VHS (ichomoe kwanza kwenye umeme, tafadhali) utaona ngoma ya chuma inayong'aa, imelala kwa kuinama kidogo. Ndiyo roho yake. JVC walitoa VHS mwaka 1976, na toleo la mistari 625 linafanya kazi hivi: mkanda wenye upana wa milimita 12.65 unasogea milimita 23.4 kwa sekunde, taratibu kuliko hata kaseti ya muziki. Unaizunguka ngoma yenye kipenyo cha milimita 62, nayo inazunguka mara 25 kwa sekunde. Kwenye ngoma kuna hedi mbili, moja kila upande, na kila moja ikipita inaandika mstari wa mshazari wenye nusu ya picha. Hedi inaukwangua mkanda kwa takriban mita 4.85 kwa sekunde. Yaani mkanda unatembea kama jongoo huku hedi inakimbia kama mtu aliyefukuzwa na mbwa.

Tatizo la mtengeneza kamkoda lilikuwa ngoma hiyo. Ina kipenyo cha milimita 62, na kuizunguka kuna mota, vishikio na njia ya mkanda. Huwezi kuiweka kwenye kitu cha kubeba mkononi. Ukiipunguza ovyo, mistari inayoandikwa haitafanana na ile ambayo deki ya nyumbani inategemea kusoma. Sony kwenye Betamovie walipunguza ngoma kwa ujanja uliolazimu kamera yenyewe isomwe kwa mpigo usio wa kawaida. Mkanda ulitoka sahihi, deki iliusoma bila shida, ila kamera haikuwa na namna ya kutoa picha ambayo televisheni ingeielewa. Ndiyo maana haikuonyesha kitu.

JVC mwaka uliofuata, 1984, walipata jibu ambalo mimi naona ni mojawapo ya hesabu nzuri kabisa katika vifaa vya nyumbani. Kamera yao GR-C1 ilitumia kaseti ndogo, VHS-C. Ngoma waliipunguza hadi theluthi mbili, milimita 41 na ushee. Wakaizungusha mara moja na nusu zaidi, 37.5 kwa sekunde badala ya 25. Wakaweka hedi nne badala ya mbili, na mkanda ukaizunguka robo tatu ya ngoma badala ya nusu. Piga hesabu mwenyewe: nusu ya mzingo wa ngoma ya milimita 62 ni milimita 97, na robo tatu ya mzingo wa ngoma ya 41.3 ni milimita 97 vilevile. Muda nao, robo tatu ya mzunguko kwa kasi ya 37.5 ni sehemu ya 50 ya sekunde, sawasawa na nusu mzunguko kwa kasi ya 25. Mstari unaoandikwa ni uleule. Kaseti ndogo unaivisha ganda la ukubwa wa kaseti ya kawaida, unaitia kwenye deki ya sebuleni, na deki haijui kama imedanganywa. Kamera hiyo ndiyo anayoishika Marty McFly kwenye filamu ya Back to the Future ya 1985.

Gharama yake ilikuwa muda. Kaseti ya VHS-C ilichukua dakika 20 mwanzoni, baadaye 30. Dakika 20 kwa harusi ya kwetu ni utani, hata maharusi hawajaingia ukumbini. Kundi la pili la watengenezaji likaja na mkanda wa milimita 8, wenye chembe za chuma tupu badala ya oksidi ya chuma, kwa hiyo unabeba mengi zaidi kwenye nafasi ndogo. Kaseti ya dakika 90 iliingia mfukoni, na mwaka 1989 Sony walitoa CCD-TR55 yenye gramu 790. Lakini kaseti hiyo haiingii kwenye deki ya VHS kwa ganda lolote, inabidi uunganishe kamera yenyewe na televisheni kwa waya.

Kwa hiyo mnunuzi wa miaka ile aliuliza maswali mawili tu: inachukua muda gani, na nitaitazama kwa kutumia nini? Ukilijua hilo unaelewa kwa nini wapiga video wa harusi hapa kwetu walibaki na yale makamera makubwa ya begani yanayotumia kaseti nzima ya VHS, kama Panasonic NV-M3000. Kaseti ya E-180 ni saa tatu bila kubadilisha, na kaseti iliyotoka kwenye kamera ndiyo unayoweza kumkabidhi mteja akaitie moja kwa moja kwenye deki yake.

Na hizo deki zilikuwa na nafasi ya pekee kwetu. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Miaka hiyo ya 80, mtu wa Bara aliyekuwa na televisheni, kama hakuwa pwani anakoweza kunasa mawimbi ya Unguja, aliinunua kwa ajili ya deki. Kwa familia nyingi picha ya kwanza inayotembea kuonekana kwenye kioo cha nyumbani ilitoka kwenye mkanda. Wakati nchi nyingine zina hifadhi za vituo vya televisheni vya kuonyesha maisha ya miaka ile, sisi kwa sehemu kubwa tuna kaseti za watu binafsi.

Mistari kabla ya pikseli

Sasa tuje kwenye resolusheni. Picha ya televisheni ya zamani haikuwa na vitone, ilikuwa na mistari. Mfumo wetu ulikuwa na 625, ambayo 576 kati yake ndiyo ilionekana kwenye kioo. Picha 25 kwa sekunde, ila kila moja iligawanywa mara mbili: kwanza mistari ya 1, 3, 5 na kuendelea, kisha 2, 4, 6. Jicho linaona nusu 50 kwa sekunde na kudhani ni mwendo mmoja laini. Namba 50 ilitoka kwenye umeme wa ukutani, ambao Ulaya na kwetu hugeuka mara 50 kwa sekunde. Marekani umeme ni 60, kwa hiyo wao wakawa na mistari 525 na nusu 60 hivi kwa sekunde.

Hapo ndipo balaa la mifumo lilipoanzia. Kenya, Uganda na Tanzania tulifuata PAL, vivyo hivyo Omani na Falme za Kiarabu. Marekani na Japani walikuwa na NTSC. Zaire ilifuata SECAM ya Wafaransa. Ndugu akikutumia kaseti kutoka Marekani, kwenye deki ya kawaida ya PAL picha inapanda na kushuka bila kutulia. Kaseti ya SECAM nayo ilionekana, ila nyeusi na nyeupe. Mpaka leo kamera ya mtumba iliyotoka Japani inaweza kuwa ya fremu 30 badala ya 25, na chini ya taa za umeme wa Hz 50 video yake inaweza kupepesa. Hiyo ni kasoro inayomkera mtu kuliko uchache wa pikseli, na haiandikwi kwenye boksi.

Kwenda chini, basi, idadi ya mistari ilishapangwa. Kwenda pembeni ndiko mkanda ulikoamua. VHS ilikuwa na uwezo wa kutenganisha mistari ya wima karibu 240 tu, kwa sababu mkanda wake haukubeba mitetemo yote milioni 5, ulibeba kama milioni 3. S-VHS ya 1987 na Hi8 ya 1989 zilifika karibu 400. Na wale wanaosema Betamax ilishindwa ingawa picha yake ilikuwa bora mno, tofauti yenyewe ni 250 kwa 240. Betamax ya kwanza ya 1975 ilichukua saa moja, VHS ikaja na mbili. Mimi pia ningechukua mbili.

Megabiti 25

Mwaka 1995 mkanda ukaanza kubeba namba. Mfumo uliitwa DV, na kaseti yake ndogo MiniDV. Sony DCR-VX1000 ya mwaka huo iliwapa watu wa kawaida picha ambayo vituo vya televisheni vilianza kuionea wivu. Hapa ndipo neno pikseli linapoanza kuwa na maana kwa mtu wa kamkoda: 720 kwa 576, jumla 414,720.

Piga hesabu tena. Pikseli 414,720, kila moja biti 24, mara 25 kwa sekunde, ni karibu megabiti 249 kwa sekunde. Mkanda usingeweza. DV ikafanya mambo mawili. Kwanza ilipunguza taarifa za rangi, maana jicho letu ni zembe kwenye rangi kuliko kwenye mwanga, na hapo mzigo ukabaki nusu. Kisha ikabana kilichobaki mara tano, ukafika megabiti 25. Ngoma ya milimita 21.7 ilizunguka mara 9,000 kwa dakika, ikiandika mistari yenye upana wa mikromita 10. Unywele mmoja wa kichwani ungefunika mistari karibu saba.

Kila fremu ya DV ilibanwa peke yake na kuandikwa kwenye mistari 12 ya mshazari. Vumbi likikaa kwenye mkanda unaona vijisanduku kidogo kwenye fremu moja, halafu basi. Mwaka 2003 ikaja HDV, na hii ndiyo sehemu ya historia ningependa kila mnunuzi wa kamera aijue. HDV ilitumia kaseti ileile ya MiniDV, mwendo uleule, megabiti 25 zilezile, ikatoa picha ya 1440 kwa 1080, pikseli karibu mara nne. Nafasi ya kuweka mara nne zaidi ilitoka wapi? Haikutoka popote. Badala ya kuandika kila fremu kamili, HDV kwa mfumo wetu iliandika fremu moja kamili kila baada ya 12, na zilizo katikati ikaandika mabadiliko tu. Bwana harusi akisimama wima, mabadiliko ni madogo na picha inapendeza. Ukumbi ukianza kuruka sebene na taa za rangi zinawaka na kuzima, mabadiliko ni makubwa, biti hazitoshi, picha inageuka uji. Na vumbi lilelile lililoharibu vijisanduku kwenye DV sasa linaweza kuondoka na nusu sekunde nzima.

Tangu siku hiyo resolusheni peke yake haikuambii kitu. Unahitaji kuuliza kamera inaandika megabiti ngapi kwa sekunde, na inazibanaje.

Diski, na kamera iliyoogopa mlima

DVD nitaipita haraka kwa sababu sijawahi kuona sababu ya kuipenda. Hitachi waliitoa mwaka 2000: diski ya sentimita 8, gigabaiti 1.4, dakika 30 kwa ubora wa wastani. Ilikuwa na faida ya VHS, unaitoa na kuicheza kwenye deki ya DVD. Lakini kwanza ilibidi "uifunge" ndani ya kamera, hatua ambayo wengi hawakuijua au betri iliisha kabla. Diski isiyofungwa ukiiweka kwenye kompyuta inaonekana tupu, na wengi walidhani video imepotea wakaitupa. Kama unayo, usiitupe. Data ipo.

JVC mwaka 2004 wakaanza mfululizo wa Everio, kamera zenye hadi diski ndogo inayozunguka. Muda wa kurekodi ukapanda hadi masaa, na kwa mara ya kwanza hukuwa na kaseti ya kubadilisha. Cha kufurahisha ni kwamba hedi ya hadi diski haigusi sahani, inaelea juu ya hewa inayozungushwa na sahani yenyewe. Hewa ikipungua, hedi inashuka na kukwangua. Vitabu vya maelekezo vya kamera hizo vilionya usizitumie sehemu za juu sana, zingine ziliweka mpaka mita 3,000, zingine 5,000. Kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895. Kamkoda ya namna hiyo ingekusindikiza vizuri mpaka njiani, halafu ikakuachia safari mwenyewe.

Kadi

Kilichomaliza mjadala ni kumbukumbu ya flashi, isiyo na kitu kinachozunguka wala kuelea. Fujio Masuoka wa Toshiba aliionyesha mwaka 1984, na aina tunayoitumia kwenye kadi, NAND, ikafuata 1987. Kadi ya SD ilitangazwa 1999. SDHC ya 2006 ikafika gigabaiti 32, na mwaka huohuo Sony na Panasonic wakatoa AVCHD, mfumo wa kuandika 1920 kwa 1080 kwa megabiti hadi 24. Pikseli milioni 2 na ushee, kwa biti pungufu ya zile za DV ya 1995! Ubanaji ulikuwa umeerevuka sana.

Kwenye kadi watu wengi huchanganya biti na baiti. Kamera hupimwa kwa megabiti, kadi kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Megabiti 24 ni megabaiti 3 kwa sekunde, karibu gigabaiti 11 kwa saa. Kamera ya 4K inayoandika megabiti 100 ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya 64 inaisha kabla ya saa moja na nusu. Alama za kadi zinasoma kasi ya chini inayoahidiwa wakati wa kuandika: Class 10 ni megabaiti 10, V30 ni 30. Kwa hiyo Class 10 inatosha kabisa AVCHD na haitoshi 4K hiyo. Namba kubwa iliyochapwa katikati ya kadi, 100 au 170, mara nyingi ni kasi ya kusoma, haikusaidii wakati wa kurekodi.

Jambo jingine dogo: kadi za hadi gigabaiti 32 hutumia mpangilio ambao faili moja haliwezi kuzidi gigabaiti 4. Ndiyo sababu sherehe ndefu inatoka vipande vipande. Ukihamisha, nakili folda nzima kama ilivyo, usichague mafaili. Taarifa za namna vipande vinavyoungana zipo kwenye mafaili madogo yanayoonekana hayana kazi.

Na kuhusu 4K yenyewe, ni pikseli milioni 8.3, mara nne ya 1080. Kwenye kihisi chenye ukubwa uleule kila pikseli inabaki na robo ya eneo, kwa hiyo mwanga inaokusanya ni robo. Kwenye ukumbi wenye taa hafifu, kamera nzuri ya 1080 inaishinda 4K ya bei chee waziwazi. Tena zipo nyingi sokoni zinazoandika 4K kwenye boksi huku kihisi hakifiki huko, zinakuza tu picha ndogo. Ningeacha hizo dukani.

Kilichobaki kabatini

Mwaka 2011 tsunami ya Japani iliharibu kiwanda cha Sony karibu na Sendai kilichotengeneza mikanda ya kitaalamu ya HDCAM SR, na vituo vya televisheni vilivyokuwa vinasitasita vikahamia kwenye mafaili. Machi 2016 Sony wakaacha kutengeneza kaseti za Betamax. Julai mwaka huohuo Funai, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, nayo ikaacha. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha walitoa tahadhari: kufikia 2025 hivi, kuhamisha mikanda ya sumaku kutakuwa kugumu sana kwa sababu mashine na vipuri vinakwisha. Mwaka huo umeshapita.

Kinachokufa kwenye mkanda kwa kawaida ni gundi. Chembe za sumaku zimeshikizwa kwenye plastiki kwa gundi ambayo hunyonya unyevu na kuharibika polepole. Umri unaotajwa ni miaka 10 hadi 30, na hiyo ni kwenye chumba kikavu chenye ubaridi. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja siyo chumba kikavu. Ukiiangalia kaseti kupitia dirisha lake ukaona utando mweupe kama unga kwenye kingo za mkanda, hiyo ni kuvu. Usiitie kwenye deki. Kuvu itahamia kwenye hedi, na kutoka hapo itaingia kwenye kila kaseti utakayocheza baadaye. Itenge kwenye mfuko na uanze na zilizo safi.

Utaratibu unategemea ni mkanda gani. MiniDV ina bahati, kwa sababu ndani yake ni namba tayari. Ukiunganisha kamera na kompyuta kwa waya wa FireWire unanakili biti zilezile bila kupoteza chochote, gigabaiti 13 hivi kwa kaseti ya saa moja. Ukitumia ule waya wa njano unaigeuza kuwa mawimbi kisha namba tena, hasara ya bure. VHS haina njia hiyo, lazima mawimbi yageuzwe kuwa namba. Hapo ihifadhi kwa 720 kwa 576, fremu 25, na usikubali fundi anayekuahidi kukutolea "HD" kutoka VHS. Mkanda wenye uwezo wa 240 hautazaa 1080, utapata faili kubwa na nyuso zilizolainishwa kama nta.

Kwa wenye kaseti za milimita 8 ambao kamera imeshakufa, tafuteni kwenye mitumba kamera ya Digital8. Sony waliitoa 1999: inaandika DV kwenye mkanda wa milimita 8, na aina zake nyingi husoma pia kaseti za zamani za Video8 na Hi8 na kuzitoa kwa FireWire zikiwa tayari ni namba. Siyo zote, zipo zinazosoma Digital8 peke yake, kwa hiyo nendeni na kaseti yenu moja ya zamani mkaijaribu hapohapo kabla hamjatoa hela.